Leen wa Viazi na Magonjwa Yake

Kwenye ngazi zetu hapa mjini Hague, mlango wa chini upande wa kushoto, anakaa Leendert Knoester. Jina hilo lote wanalitumia watu wa kodi tu. Kwa sisi wengine ni Leen, Leen wa viazi. Ana meza yake sokoni tangu ujana wake, viazi upande huu, kabichi na karoti upande ule, na yeye katikati na sharubu zake, akiita wateja kwa sauti inayoweza kusimamisha tramu.

Ni mtu mwema. Baridi ikizidi ananichukulia mifuko yangu hadi ghorofa ya tatu bila kuombwa. Lakini mdomo wake, jamani.

Watu wa mji huu wakikasirika hawamtaji mama wa mtu, wala maungo ya mtu, kama nilivyozoea kusikia kwingine. Wanataja magonjwa. Leen akigonga goti mlangoni: "Kipindupindu!" Mvua ikinyesha: "Ona mvua hii ya homa ya matumbo." Tramu iliyochelewa ni tramu ya kifua kikuu. Na akifurahi ni yale yale. Siku ya kwanza nilipompelekea supu yangu ya maharage, aliionja, akafumba macho, akasema, "Jirani, hii tamu ya ndui!" Nikamshukuru. Baadaye nikamwombea.

Ugonjwa mmoja tu hautaji. Ni ule uliomchukua mkewe Corrie, na kwa vijana wa mtaani ndio unaotajwa kuliko yote. Kijana mmoja aliutamka mbele ya meza yake, basi tu, kwa mzaha. Leen alimpokonya karoti alizokwisha kununua, akamrudishia pesa yake, akamwambia akatafute karoti kwingine. Nami hapa siuandiki.

Sasa, binti yake wa pekee, Marloes, aliolewa na Gijsbert, kijana mpole anayetoka kijiji kimoja cha Veluwe, katikati ya misonobari, ambako siku ya Jumapili hata kuku hutembea taratibu. Kwenye harusi Leen alisimama kumsifu bibi harusi. Alisema, mbele ya ukoo mzima wa watu waliovaa nyeusi, "Mwanangu leo ni mzuri wa tauni!" Alimaanisha mema. Ukoo mzima ukaenda kuchukua makoti.

Tangu siku hiyo Leen na ukoo ule hawakuonana tena, mpaka Mungu alipoleta mtoto.

Leen alipanda ngazi mbio, na sahani ya vile vikate vikavu vya mviringo vilivyopakwa siagi na kunyunyiziwa vidonge vya sukari wanavyoviita vipanya, vya buluu na vyeupe kwa kuwa ni mvulana. Nusu ya vipanya vilikuwa vimemwagika njiani, tukavisikia vikiteremka ngazi kimoja kimoja.

"Jirani! Nimekuwa babu! Teunis! Anaitwa Teunis! Mzito kama gunia dogo la viazi!"

"Hongera, Leen! Mungu ashukuriwe!"

"Ashukuriwe, ashukuriwe. Ila kuna balaa." Akaketi jikoni kwangu bila kungoja kiti kivutwe. "Marloes anasema, kanisani kwao mtoto hakai na wazazi wake. Ubatizo ukifika, mtu mmoja anamleta kutoka chumba cha pembeni, anapita naye mbele ya watu wote hadi kwenye maji. Mtu wa upande wa mama. Na Corrie hayupo. Kwa hiyo ni mimi."

"Heshima kubwa hiyo!"

"Ndiyo. Lakini amesema, 'Baba, ukitaja ugonjwa hata mmoja mbele ya mama mkwe wangu, mtoto anabebwa na shangazi yake Gijsbert.' Nikamuuliza, hata mafua? Akasema, hata mafua."

Alisema hivyo huku akijaribu kucheka, na sharubu zikawa zinatetemeka. Nikajua anataka kumbeba yule mtoto kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu Corrie aondoke.

"Jirani," akasema, "wewe sijawahi kukusikia ukitukana."

"Sitaki tu."

"Hata ukijigonga?"

"Nikijigonga nasema Mungu wangu."

"Basi?"

"Basi. Kisha napaka mafuta."

Akanitazama kama mtu anayetazama kufuli ambalo ufunguo wake hajawahi kuuona. "Nifundishe," akasema.

Mimi nimesoma shule ya msingi tu, na somo hili halikuwamo. Nikamwambia nilichokijua: ulimi ni kama mbuzi, ukimfunga kamba sharti umpe majani, la sivyo atakula kamba. "Usinyamaze kabisa, utapasuka. Kila ugonjwa ukija mdomoni, weka mboga. Taja chochote ulicho nacho mezani."

"Mboga?"

"Mboga."

"Jirani, wewe una akili ya ki..." Akajishika mdomo. Nikaona shingo yake inavimba. "Ya kikabichi," akamaliza.

Tukaanza hivyo.

Sokoni mambo yakaharibika siku ile ile. Kreti ya viazi ilimwangukia mguuni, Leen akapiga kelele, "Brokoli!" Wanawake kadhaa wakakimbilia kupanga mstari, wakidhani ameshusha bei. Alipowaeleza kuwa hapana brokoli, kuna mguu tu, wakakasirika, wakamtakia magonjwa ya kila aina, naye maskini akasimama pale akiyapokea yote na kujibu, "Nanyi pia, kinamama, karoti, karoti."

Sjors, muuza jibini wa meza ya jirani, akamvuta pembeni.

"Nani amekufa, Leen?"

"Hakuna."

"Basi daktari amekwambia nini?"

"Sijaenda kwa daktari."

"Kama hujaenda, nenda. Mtu hawezi kubadilika hivi na awe mzima."

Aliyeumia zaidi ni Truus. Truus ni bibi mnene mwenye kigari cha sokoni cha kuvuta, chenye picha za maua, na kwa miaka sijui mingapi, kila Jumamosi Leen amemkaribisha kwa maneno yale yale: "Wewe ndui unayetembea, bado tu hujafa?" Naye hujibu, "Nangoja nikuzike wewe kwanza, kifua kikuu wewe." Halafu wanachagua kabichi pamoja, taratibu, kama wachumba. Jumamosi hiyo mimi nilikuwepo. Leen alimwona, akavuta pumzi, akaweka mikono nyuma.

"Habari ya asubuhi, bibi. Nikuhudumie nini?"

Truus alisimama. Akageuka nyuma kuona bibi gani anayesemeshwa. Hakukuwa na mtu.

"Leen," akasema, na mdomo umeanza kupinda, "nimekukosea nini?"

"Hakuna, bibi."

"Usiniite bibi! Mume wangu alipotaka kuniacha ndivyo alivyoanza, akaniita bibi!" Akavuta kigari chake akaenda, bila kabichi, akifuta macho kwa kitambaa cha shingoni.

Leen alinitazama. Akataka kusema kitu kikubwa. Midomo ikafunguka, ikafungika, ikafunguka. "Bitiruti," akasema kwa huzuni.

Hata hivyo aliendelea, na mwenzenu nilimwona akibadilika. Tena aliongeza kitu ambacho sikumfundisha, alikiokota mwenyewe ngazini kwa kukaa karibu nami. Mimi ni mtu wa kusema Mungu wangu. Sufuria ikifurika, Mungu wangu. Posta ikileta bili, Mungu wangu. Nilikozaliwa kila mtu anamwita hivyo, kwa kuwa Yeye yuko karibu, hahitaji kuandikiwa barua. Jioni moja Leen aliangusha funguo, zikaingia kwenye tundu la maji machafu. Nikangoja mboga. Akainua mikono: "Mungu wangu!"

Machozi yalinilenga. Nikasema moyoni, Bwana, umeanza kazi.

"Unaona, jirani?" akasema, amejaa fahari. "Mboga sizihitaji tena. Nimekuwa mtakatifu."

Jumapili ya ubatizo tulikwenda Veluwe na gari lake la sokoni, mimi na yeye, maana aliniomba nikae karibu nimkanyage mguu mambo yakiharibika. Gari hilo limechorwa kiazi kikubwa chenye macho na tabasamu. Marloes alikuwa amesema tuliegeshe nyuma ya ghala la majani, lisionekane siku ya Bwana. Leen akaliegesha pale, akashuka, akakipigapiga kile kiazi begani kana kwamba anakiaga. Alivaa suti ya mazishi ya Corrie. Alinukia sabuni, na kwa chini kidogo alinukia vitunguu.

Viti vilikuwa vimepangwa duara sebuleni kwao Gijsbert, na watu wamekwisha kukaa. Tukazunguka, tukipongeza kila mtu, kama desturi ya huku: hongera kwa mjukuu, hongera kwa mpwa, hongera kwa kitukuu. Hongera nyingi hata mimi nilipongezwa, nikapokea. Bi Hendrika, mama yake Gijsbert, alikaa wima kama mshumaa. Karibu na jiko la moto alikaa Opoe, ndivyo wanavyomwita bibi kizee, mama mzazi wa Hendrika, mwenye miaka zaidi ya tisini na masikio yaliyostaafu zamani.

"Mtakunywa kakahawa?" akauliza Bi Hendrika. Watu wa nchi hii kila kitu wanakifanya kadogo mdomoni, ili kisionekane ni anasa.

"Kakahawa, tafadhali," akasema Leen.

"Na kabiskuti?"

"Kabiskuti pia, nashukuru sana, mkwe wangu mheshimiwa."

Kopo la biskuti likapita. Kila mtu akachukua kamoja. Kifuniko kikafungwa, pa! Saa ya ukutani ikagonga. Mtu mmoja akasema leo kuna kajua. Mwingine akakubali kuwa kajua kapo. Leen alikuwa akitoka jasho, amekaa kwenye ncha ya kiti, anajibu kama karani wa mahakama. Nikamsikia shangazi mmoja akinong'ona, "Mbona amekuwa mstaarabu? Mlisema ni mshenzi." Marloes, kutoka upande wa pili wa duara, alimtazama baba yake kwa macho yanayong'aa. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

Ndipo Bi Hendrika akaingia na mtoto. Amevishwa gauni la ubatizo la ukoo, jeupe, refu kuliko mtu mzima, lenye lesi mpaka sakafuni. Akasimama mbele ya Leen.

"Mshike sasa, ujizoeze kabla ya ibada. Kichwa, angalia kichwa."

Leen alimpokea. Mikono ile inayotupa magunia ikamshika kama yai. Alikuwa hajawahi kumpakata. Alimwangalia, na Teunis akamwangalia. Kisha mtoto akanyoosha mkono akashika sharubu ya babu yake, akaivuta, na akacheka. Kicheko cha kwanza maishani mwake, Marloes alituambia baadaye.

"MUNGU WANGU!" akapaza sauti Leen. "Jirani! Umeona? Mungu wangu, amenicheka!"

Ile sauti ya sokoni. Dirisha likatikisika.

Nami nilikuwa nimekwisha fungua mdomo kusema amina, nikaona sura za watu. Vikombe vilikuwa vimesimama hewani. Gijsbert amekuwa mweupe kuliko gauni. Shangazi amefunika masikio ya binti yake. Bi Hendrika akanyoosha mikono, akamchukua mtoto kutoka kifuani kwa Leen, kama mtu anayetoa mkate katika oveni kabla haujaungua.

"Katika nyumba hii," akasema taratibu, "Jina hilo halirushwi hewani kama ganda la kiazi. Shangazi Wil atambeba."

"Lakini..." Leen akatazama mikono yake mitupu. "Lakini sikutaja ugonjwa! Marloes, nimetaja ugonjwa?"

"Baba," akalia Marloes, "hilo ndilo baya kuliko yote! Magonjwa ni uchafu tu. Hilo ni dhambi!"

Mimi nilitamani kuingia ndani ya kopo la biskuti na kujifunga kifuniko. Nikasema, "Bi Hendrika, neno ni langu, amelipata kwangu. Kwetu tunalisema kwa moyo safi, ni kama sala."

"Wewe naamini unalisema kama sala," akajibu, wala hakuwa mkali. "Yeye amelisema kama anauza kabichi."

Nikakiweka kikombe changu chini.

Leen akasimama. Nikamkanyaga mguu, hakusikia. Nikamkanyaga tena.

"Jirani, acha mguu wangu! Mkwe wangu, nisikilize. Mimi mama yangu alikuwa muuza samaki, hakujua kusoma, lakini alikuwa na mwiko mrefu hivi. Alituambia, 'Kasirikeni, watoto, mji huu haukaliki bila kukasirika. Tajeni ndui, tajeni tauni, tajeni chochote kinachooza. Ila Yeye aliye juu msimguse, hajawafanyia kitu.' Nami sikumgusa! Maisha yangu yote nimetukana kwa adabu! Kisha kwa ajili ya kijitoto hiki nikaacha. Nimetaja brokoli! Nimemliza Truus wa watu! Sjors anaamini ninakufa! Wiki hizi zote za kipindupindu nimemeza maneno mpaka tumbo likajaa homa ya matumbo, nimevaa suti hii ya ndui inayonibana, nimekaa kwenye kiti hiki cha kifua kikuu, nikanywa kahawa hii nyepesi ya tauni, na nilipofurahi, mara moja, mara moja tu, sikuwa nimebakiwa na neno lolote la kufurahia isipokuwa hilo!"

Akaketi. Kiti kikalia. Hata saa ya ukutani iliona aibu kugonga.

"Nani huyo?" ikauliza sauti kutoka kwenye jiko. Ilikuwa ya Opoe.

"Hakuna mtu, mama," akasema Bi Hendrika kwa nguvu sikioni mwake.

"Usinidanganye, Hendrika. Tangu asubuhi mnanong'ona kama panya darini. Huyu ndiye wa kwanza niliyemsikia. Anasema kama baba yangu."

"Mama! Babu alikuwa mzee wa kanisa!"

"Jumapili. Jumatatu alikuwa na ng'ombe." Opoe akacheka bila meno. "Bertha alipopiga teke ndoo ya maziwa, unadhani alimwimbia zaburi? Alimtakia ndui. Alimtakia tauni yeye, ndama wake, na mkia wake. Lakini Jina? Kamwe. Alisema ng'ombe hastahili." Akamnyooshea Leen kidole kilichopinda. "Wewe, mwanangu. Sema tena ile ya kahawa."

Leen akamtazama Bi Hendrika. Akamtazama Marloes. "Nyepesi," akasema.

"Nyepesi ya nini?"

"Mama, tafadhali!" akasema Bi Hendrika.

"Nyepesi ya tauni," akasema Leen, kwa sauti ndogo kadiri alivyoweza, ambayo bado ilikuwa ya sokoni.

"Kweli kabisa!" akasema Opoe, akapiga goti. "Nimewaambia tangu msimu wa baridi, hakuna anayenisikia! Sasa, lile gauni la nani?"

Bi Hendrika akainyoosha lesi ya gauni.

"Nimewauliza, la nani?"

"Lako, mama!" akapaza sauti Bi Hendrika.

"Nilibatizwa nalo mimi, na wewe nikakubatiza nalo, na baba yangu ndiye aliyenibeba, na mikono yake ilinuka zizi. Huyu ananuka vitunguu. Ni maendeleo." Akajiegemeza. "Mpeni mtoto."

Bi Hendrika akamtazama mama yake, akamtazama mtoto. Mimi niliomba kimya kimya, na safari hii nilichagua maneno. Kisha akaenda mbele ya Leen, akamtazama machoni.

"Hulisemi tena Jina kwa kelele?"

"Silisemi."

"Na kanisani mdomo umefungwa?"

"Umeshonwa."

Akamwekea mtoto mikononi. Halafu, nilimwona kwa macho yangu, alienda jikoni akatengeneza kahawa upya, na ile ya pili ilikuwa nyeusi.

Kanisani mchana nilikaa nyuma ya Opoe. Mlango wa pembeni ukafunguka, kinanda kikashusha sauti, na Leen akatokea. Nimeona maharusi wengi wakiingia kanisani, sijaona mtu aliyetembea vile. Gauni lilining'inia mpaka miguuni pake. Sharubu zimechanwa. Alimtazama yule mtoto tu, hatua kwa hatua, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa pomoni. Marloes alikuwa analia, na Gijsbert pia, ingawa alijifanya anatafuta kitabu cha nyimbo.

Alifika. Alikuwa amebakiza kumkabidhi tu, mchungaji amekwisha nyoosha mikono, ndipo Leen akakanyaga ncha ya gauni. Akayumba. Kanisa zima likavuta pumzi. Akajipinda, akamwinua Teunis juu asiguse kitu, na goti lake yeye likagonga jiwe la kisima cha ubatizo, ko! Mlio ulifika mpaka kwenye dari.

Mtoto hakuamka hata. Leen alibaki amesimama, shingo imevimba, uso umeiva kama bitiruti, midomo imebanwa. Nikafumba jicho moja. Bi Hendrika, mbele yangu, alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

"Brokoli," akasema Leen.

Mchungaji akainama kidogo. "Samahani?"

"Anaitwa Teunis," akasema Leen, na kumkabidhi.

Katika kimya kile, Opoe akageuka nyuma kwangu, na kwa sauti ya kiziwi asiyejua anapiga kelele, akauliza, "Brokoli ndio ugonjwa gani? Mpya?"

Bi Hendrika aliinamisha kichwa kana kwamba anaomba. Lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika, na sala haitikisi mtu hivyo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda sokoni mapema makusudi. Truus alikuwa anapita mbali mbali na kigari chake cha maua, uso ameugeuzia upande wa samaki. Leen akapanda juu ya kreti.

"Truus! Wewe ndui unayetembea! Bado tu hujafa?"

Truus alisimama. Akafunga macho kidogo, kama mtu aliyesikia wimbo wa kwao. Kisha akageuza kigari, na kuja kuchagua kabichi.